Wengi Wape: Je, Hata Uhai wa Asiyezaliwa?

Wahenga walisema wengi wape, usipowapa watajitwalia kwa mikono yao. Ni methali ya busara, nayo imeviepusha vijiji vingi na ugomvi. Mahali pa kuchimba kisima, siku ya gulio, jina la mwenyekiti wa kitongoji: mambo haya wengi wakiyataka hivi, na yawe hivi. Lakini katika mazungumzo ya walei limekuwa likisikika wazo linaloipeleka methali hii mahali ambako, kwa maoni yetu, wahenga hawakukusudia ifike. Wazo lenyewe ni kwamba, siku mchakato wa Katiba Mpya utakapofufuliwa, wananchi waulizwe kwa kura ya maoni iwapo sheria ya utoaji mimba ibaki kama ilivyo, ilegezwe au ikazwe.

Wanaolitoa wazo hili ni wa namna mbili. Wapo wanaoiona sheria kuwa kali mno, na wanaodhani Bunge halina ujasiri wa kuigusa. Na wapo ndugu zetu waamini, wenye nia njema kabisa, ambao wameyatazama makanisa na misikiti jinsi inavyojaa, wakaona kwamba kura hiyo tutaishinda asubuhi na mapema. Maneno yetu leo yanawaelekea zaidi hao wa pili.

Kwanza yafaa tujue tunachokizungumza, kwa maana wengi wetu huitaja sheria hii bila kuisoma. Imo katika Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 150 hadi 152. Anayemtoa mwanamke mimba isivyo halali aweza kufungwa hadi miaka 14. Mwanamke anayejitoa mimba mwenyewe, hadi miaka 7. Anayetoa dawa au kifaa huku akijua kitatumika kwa kazi hiyo, hadi miaka 3. Kifungu cha 230 humwondolea hatia ya jinai yule anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi, ili kuyaokoa maisha ya mama, iwapo hali ya mgonjwa inaufanya upasuaji huo uwe wa busara. Basi. Vifungu hivi vinafanana sana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, na viliingia Tanganyika katika sheria ya adhabu ya mwaka 1930, kisha katika ile ya mwaka 1945. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1926, na hadi mwaka 1945 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Hakuna bibi wala babu wa mtu yeyote hapa Unyamwezi aliyeulizwa neno.

Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Mtu akisema, "Sheria hii tuliletewa, hatukuitunga," amesema kweli. Lakini hata sheria inayokataza wizi ilitoka kwa mikono ile ile, wala hatujasikia mtu akidai kwamba wizi upigiwe kura ili tujue kama ni kosa. Asili ya sheria ni jambo moja, na haki iliyomo ndani yake ni jambo jingine.

Majirani zetu wa Kenya walikwisha kuipita njia ambayo baadhi yetu wanaitamani, na ingekuwa uvivu kutojifunza kwao. Tarehe 4 Agosti 2010 walipiga kura juu ya Katiba mpya. Ibara ya 26 ya Katiba hiyo inasema kila mtu anayo haki ya kuishi, na kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kisha inasema utoaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au pale ambapo sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Maaskofu Katoliki pamoja na makanisa mengine mengi walizikataa nafasi hizo za mwisho, tena walikuwa na shaka juu ya ibara za Mahakama za Kadhi. Wakawaomba waamini wao waseme Hapana. Ndiyo ikapewa rangi ya kijani, Hapana rangi nyekundu. Walipohesabu, zaidi ya watu milioni 6 walikuwa wamesema Ndiyo na karibu milioni 2.8 wamesema Hapana, yaani karibu 69 kwa 31 katika kila mia.

Sasa tuulize: siku ile Wakenya walisema nini juu ya utoaji mimba? Hakuna awezaye kujibu. Katiba ile ina ibara 264. Ndani yake mna serikali za kaunti, ardhi, madaraka ya Rais, mahakama, fedha za umma. Nchi ilikuwa imetoka katika machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, yaliyoua watu zaidi ya elfu moja, na wengi waliitamani Katiba mpya kama mgonjwa anavyotamani dawa. Mkulima wa Kisii aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba uhai huanza tumboni, na aliyetaka pia ardhi yake ilindwe, alipewa karatasi moja na nafasi ya kuweka alama moja. Hata waliosema Hapana, wengine walikuwa na hofu ya ardhi wala mimba haikuwamo katika fikra zao. Kura iliyopigwa juu ya mambo mia mbili na zaidi haiwezi kufasiriwa kuwa ni jibu la jambo moja.

Wala haikumaliza ubishi. Mwaka 2012 Wizara iliyohusika na afya ilitoa mwongozo kwa wahudumu juu ya utekelezaji wa ibara ile. Mwishoni mwa mwaka 2013 mwongozo ukaondolewa. Mambo yakaenda mahakamani. Katika shauri hilo alikuwamo msichana aliyebakwa akiwa na umri wa miaka 14, akatolewa mimba kwa mtu asiye na ujuzi, akaugua figo, akafariki mwaka 2018 kabla ya hukumu. Mwezi Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu, Nairobi, waliamua kwamba mwongozo ule uliondolewa isivyo halali. Kwa hiyo, miaka tisa baada ya watu milioni karibu tisa kupiga kura, maana ya walichokipigia ilikuwa ingali inatafutwa na watu watano.

Kuna wasomaji watakaosema: basi jambo hili litenganishwe, liulizwe peke yake. Ireland ilifanya hivyo. Tarehe 7 Septemba 1983 nchi hiyo, ambayo iliipa Afrika wamisionari wengi, ilipiga kura kuingiza katika Katiba yake haki ya kuishi ya mtoto asiyezaliwa. Walioafiki walikuwa 67 katika mia. Waamini wengi duniani walifurahi. Mwaka 2012 mwanamke mmoja alifariki hospitalini Galway kwa maambukizi ya damu, mimba yake ikiwa inaharibika, na nchi nzima ikabishana iwapo maneno yale ya Katiba yaliwafunga madaktari mikono. Tarehe 25 Mei 2018 wananchi wakaitwa tena, na 66 katika mia wakayafuta. Tarakimu karibu ni zile zile, zimegeuzwa tu. Waliodhani mwaka 1983 kwamba wamejenga ukuta, walikuwa wamekubali bila kujua kwamba mwenye haki ya kuujenga ukuta huo kwa kura ndiye mwenye haki ya kuubomoa kwa kura. Na wewe unayesema leo tutashinda, umekwisha kukubali kwamba siku utakaposhindwa utanyamaza.

Tunarudi nyumbani, maana Tabora inayo kumbukumbu yake juu ya maamuzi ya namna hii. Mwezi Januari 1958 chama cha TANU kilikutana katika mji huu kuamua kama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Masharti yalikuwa ya kudhalilisha. Wengi walifika wakiwa wamekaza nia ya kususa. Mwalimu Nyerere, aliyewahi kusoma na kufundisha hapa hapa Tabora, aliwashawishi washiriki, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Wako waliokataa hata wakahama chama. Hivyo ndivyo jambo la namna ile linavyopaswa kwenda: watu wazungumze, wabishane, wahesabiwe, na wengi wapewe.

Lakini chini ya uamuzi ule palikuwa na neno lisiloamuliwa. Hakuna mjumbe aliyesimama kutaka wahesabiane ili wajue iwapo Mtanganyika ni mtu mwenye haki ya kuwa huru. Hilo lilikuwa msingi ambao mkutano wenyewe ulisimama juu yake. Waliloamua ni njia ya kulifikia.

Tena tuitazame njia ya misafara. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika hapa Unyanyembe na kugawanyika, mkono mmoja ukienda Ujiji na mwingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, ndiko alikokaa Livingstone mwaka 1872, na makumbusho yapo hadi leo. Tujaalie kwamba mwaka 1870 ingeitishwa kura ya maoni hapa, kuuliza iwapo biashara ya watumwa iendelee. Nani angepiga kura? Waarabu na watu wa pwani wenye matembe. Watemi waliotoza hongo. Wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru na hodari, waliopata ujira kwa kubeba pembe. Wakulima waliowauzia wasafiri nafaka. Hawakuwa wote watu wabaya. Wengi waliishi kwa misafara ile kama familia nyingi zinavyoishi leo kwa tumbaku. Kura ingekuwa huru na ya haki, na biashara ingeendelea. Aliyefungwa mnyororo shingoni, ambaye jambo lile lilimgusa kuliko wote, ndiye pekee asingepewa karatasi.

Haikukomeshwa kwa kura. Sultani Barghash alilifunga soko la Zanzibar mwaka 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Utumwa wenyewe katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu, chini ya Waingereza, baada ya Wajerumani kuuvumilia kwa miaka yote waliyotawala. (Wakoloni hatuwapambi, walikuwa na minyororo yao ya namna nyingine.) Mwaka 1889 alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni huko karibu na Timbuktu, akauzwa, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika na kusomea uganga Malta. Aliwatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67. Hatusemi kwamba alistahili kuishi kwa sababu alikuja kuwa tabibu. Alistahili tangu sokoni, alipokuwa hana thamani nyingine ila bei aliyotajiwa.

Hapo tuelewane vizuri. Hatusemi kwamba mwanamke aliyetoa mimba ni sawa na mfanyabiashara ya watumwa. Ulinganisho huo ungekuwa dhuluma. Tunalinganisha kura kwa kura. Katika zote mbili, anayeamuliwa hayumo chumbani. Na katika hii ya kwetu wasiokuwamo ni wawili: mtoto aliye tumboni, na mara nyingi mama yake pia, kwa sababu msichana wa miaka 15 aliyepewa mimba hajafikia umri wa kupiga kura. Watakaopiga ni sisi, watu wazima, tukiwemo wanaume tusiowahi kubeba mimba na baadhi yetu tuliowahi kuikana.

Papa Yohane Paulo II, yule yule aliyetutembelea Tabora mwezi Septemba 1990, aliandika mwaka 1995 katika waraka wake Evangelium Vitae kwamba haki ya kuishi haitokani na ridhaa ya walio wengi, hivyo walio wengi hawawezi kuiondoa. Yatubidi tuongeze: wala hawawezi kuitoa. Pilato aliuliza umati, nao umati ukajibu, na hukumu haikuwa ya haki kwa kuwa sauti zilikuwa nyingi. Lakini ingalikuwa ya haki zaidi kama umati ungalimchagua Yesu? Angalifunguliwa, tungalishukuru, hata hivyo, kosa la hakimu la kumwuliza mtaani mtu asiye na hatia aishi au afe lingalibaki pale pale.

Je, tunasema basi wananchi ni wajinga, wasiulizwe? Hasha. Wala hatusemi mambo haya yaamuliwe gizani na wakubwa. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007, inayataka mataifa yaruhusu utoaji mimba wa kitabibu katika hali za kubakwa, zinaa ya maharimu, na hatari kwa afya au maisha ya mama. Ni wanajumuiya wangapi waliosikia habari hiyo mwaka ule? Jambo zito lilipita nasi tumelala. Kukataa kura ya maoni si kukataa mjadala. Tume ya Jaji Nyalali ya mwaka 1991 ilizunguka nchi nzima ikisikiliza. Wapatao 80 katika mia walitaka chama kimoja kiendelee, nayo ikapima hoja badala ya vichwa, ikapendekeza vyama vingi. Wapo walioiona kuwa imewadharau wengi. Sisi twaona ilifanya kazi yake: ilisikiliza kila mtu, kisha ikatoa sababu zake hadharani, zikaweza kupingwa. Hilo ndilo tunalolidai kwa Bunge. Mbunge anao uwezo wa kuuliza daktari, mwanasheria na mkunga, wa kusahihisha neno moja katika kifungu, na wa kuulizwa baadaye kwa nini. Karatasi ya kura haina uwezo huo. Waraka ule wa Papa hata unamruhusu mbunge ambaye msimamo wake wa kuutetea uhai unafahamika, aunge mkono sheria inayopunguza madhara pale ambapo haiwezekani kuyaondoa yote. Hekima ya namna hiyo haingii katika Ndiyo na Hapana.

Kuna uwezekano tutaitwa kupiga kura ya Katiba hata hivyo. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalum Oktoba 2014, kura ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa wiki chache kabla. Ikiitishwa siku moja na jambo hili likawa limechomekwa katikati ya mengine, Mkristo ataamua kwa dhamiri iliyoelimishwa, baada ya kuusoma waraka wote. Asidanganywe na mtu yeyote, hata wa kanisani, kwamba alama yake moja imelimaliza suala la uhai.

Na sasa neno kwa wale wanaotaka sheria ibaki kama ilivyo, tukiwamo sisi. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013, sheria ikiwa hii hii na vifungo hivi hivi, mimba zipatazo 405,000 zilitolewa Tanzania, na wanawake karibu 66,600 walitibiwa madhara yake katika vituo vya afya. Ni makadirio, yagawanye kwa mbili, bado yanatisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba mkoani Tabora wasichana 43 katika kila mia, wa umri wa miaka 15 hadi 19, walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Ni Katavi tu, jirani zetu, waliotuzidi, wakiwa na 45. Kwa taifa zima ilikuwa 27. Mkoa huu una makanisa mengi.

Hivyo anayesema uhai haupigiwi kura amejitwika mzigo, maana hawezi tena kuutua katika kisanduku na kwenda zake. Mwanamke anayevuja damu apelekwe hospitali kwanza, bila maswali ya kipolisi njiani. Kumtibu hakuvunji sheria, wala si dhambi. Wauguzi wetu Wakatoliki waelezwe waziwazi tofauti ambayo Kanisa hufundisha kati ya kumtibu mama aliye hatarini na kumwua mtoto kwa kukusudia, ili hofu isiwafanye wasimame mikono mitupu mbele ya mtu anayekufa. WAWATA wanaijua kazi ya kumpokea binti nyumbani kuliko kamati yoyote. Wapewe fedha, si pongezi.

Kwa wazee wa familia tunalo neno gumu zaidi. Sheria inampa kifungo cha miaka 30 mwanamume anayempa mimba mwanafunzi. Lakini kesi nyingi hufia nyumbani. Ng'ombe wawili watatu hubadilishana mikono, shahidi husafiri kwa shangazi yake, na Jumapili inayofuata baba wa binti na baba wa kijana huketi benchi moja. Binti peke yake ndiye hubaki na ushahidi usiofichika, na ndiye huanza kutafuta mtu wa kumsaidia kuuondoa. Halmashauri ya walei inayojua habari za namna hii na kunyamaza isituletee hoja ya kutetea uhai.

Tangu Novemba 2021, kwa waraka wa Wizara ya Elimu, msichana aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi katika shule za Serikali baada ya kujifungua. Tunaziomba halmashauri za walei za kila parokia, kabla ya mkutano wetu ujao, ziende kwa walimu wakuu wa shule zilizo karibu na kuuliza mambo mawili: wasichana wangapi wameondoka kwa sababu ya mimba tangu waraka huo utoke, na wangapi wamerudi. Kisha ziwatembelee wale ambao hawakurudi, ziulize ni nani anayemshika mtoto wakati mama yake anapokuwa darasani.